Namna ya Kumshirikisha Mwenzako Jazi Unayoipenda

Mpenzi wa jazi anapotaka kumwonjesha mwenzake muziki huo, mara nyingi hukimbilia kumwandalia orodha ndefu ya albamu anazoziona za lazima, kuanzia Louis Armstrong hadi wapigaji wa leo, zikiwa zimepangwa mwaka kwa mwaka. Orodha ya namna hiyo humfurahisha aliyeiandika kuliko anayeipokea. Anayeipokea hufungua albamu ya kwanza huku akiendelea na shughuli zake, husikia tarumbeta na saksofoni zikipishana kwa dakika mbili tatu, hajui ashike wapi, kisha huizima na asiirudie tena. Njia ninayoipendekeza hapa ni finyu zaidi, nami ninaiamini kwa dhati: mpe mtu mmoja rekodi moja, mwonyeshe mahali pamoja pa kutega sikio, na usikilize pamoja naye mpaka mwisho.

Kuchagua rekodi ya kwanza

Rekodi unayoipenda kuliko zote huenda isifae kutangulia. Pengine uliifikia baada ya kusikiliza nyingine nyingi, na utamu wake unategemea hizo zilizoitangulia. Mgeni hana kumbukumbu hizo, kwa hiyo husikia fujo pale ambapo wewe unasikia uhuru. Anza na muziki ambao mwenzako tayari anaupenda, kisha utafute mlango wa jazi ulio karibu na hapo.

Mtu aliyezoea nyimbo za ibada huingia kwa urahisi kupitia "Moanin'" ya Art Blakey na bendi yake ya Jazz Messengers, iliyorekodiwa mwaka 1958. Bobby Timmons, mpiga piano wa bendi hiyo, aliitunga kwa mtindo wa mwito na mwitikio: piano inatoa kauli fupi peke yake, bendi nzima inajibu kwa noti mbili nzito, kama waumini wanavyomwitikia mhubiri, halafu tarumbeta ya Lee Morgan na saksofoni ya Benny Golson zinachukua zamu ya kuita. Msikilizaji huyo hahitaji maelezo yoyote, kwa sababu amekuwa akiitikia hivyo maisha yake yote. Anayependa muziki wa kucheza mpe "Mercy, Mercy, Mercy" ya Cannonball Adderley ya mwaka 1966, iliyotungwa na Joe Zawinul, ambamo Adderley anazungumza na watu kwa ucheshi kabla ya wimbo kuanza, na watu wenyewe wanapiga kelele za furaha muziki ukipanda. (Jalada la albamu lilidai kwamba ilirekodiwa katika klabu moja ya Chicago, lakini ukweli ni kwamba kazi ilifanyika studio, Los Angeles, mbele ya watu walioalikwa. Furaha yao haikuwa ya kuigiza.) Naye anayevutwa na mapigo, yule ambaye vidole vyake havitulii mezani, mpe "Take Five" ya kundi la Dave Brubeck ya mwaka 1959 na umwombe ahesabu kutoka moja hadi tano, arudie tena na tena, wakati piano inashikilia kauli ileile na Joe Morello anazungumza kwa ngoma juu yake. Ni vizuri pia umtajie kwamba mtunzi wa wimbo huo ni Paul Desmond, mpiga saksofoni, kwa maana wengi humpa Brubeck sifa hiyo.

Urefu wa rekodi nao una uzito. Kabla ya santuri za muda mrefu (LP) kuingia sokoni mwaka 1948, upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba takriban dakika tatu tu, na wanamuziki walijifunza kusema jambo zima ndani ya muda huo. Ufupi huo humfaa mgeni, lakini mikwaruzo na sauti hafifu za mitambo ya zamani humchosha asiyezizoea. Kwa maoni yangu ni busara kuanza na rekodi zilizofanywa kati ya mwaka 1955 na 1965, wakati ambapo wanamuziki wengi wakubwa walikuwa katika ubora wao na studio tayari ziliweza kunasa pumzi ya mpiga saksofoni na vidole vya mpiga besi, kisha kurudi nyuma polepole. Ninaikubali rekodi moja tu ya kuvunja kanuni hiyo: "West End Blues" ya Louis Armstrong, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Tarumbeta yake inaanza peke yake, bila ala yoyote kuisindikiza, na katika sekunde hizo chache za mwanzo hakuna mkwaruzo wa santuri unaoweza kumzuia mtu asigeuze kichwa.

Mahali pamoja pa kutega sikio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Jazi humchanganya mgeni kwa sababu mambo mengi hutokea kwa wakati mmoja na hakuna anayemwambia lipi la mbele na lipi la nyuma. Katika wimbo wa kawaida sauti ya mwimbaji humwongoza. Katika jazi ya ala peke yake hakuna mwongozo huo. Ukimwambia "sikiliza, ni nzuri," hujamsaidia. Mpe kitu kimoja cha kufuata, tena kiwe kitu anachoweza kukisikia bila kujua nadharia yoyote ya muziki.

Chukua "So What," wimbo wa kwanza katika albamu ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, uliorekodiwa tarehe 2 Machi 1959 katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30, New York. Unadumu dakika tisa na ushei. Mwanzoni piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers zinapapasa taratibu, bila mapigo ya ngoma yanayoeleweka, kiasi kwamba mgeni hudhani wimbo haujaanza. Kisha besi inatoa kauli, na ala nyingine zinaijibu kwa sauti mbili fupi. Besi inatoa kauli nyingine, nazo zinajibu vilevile. Mgeni, akiwa anasubiri tarumbeta ya Miles Davis ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada, hapati kutambua kwamba wimbo wenyewe umeshikwa na besi. Neno moja tu linatosha kumfungua: "Ifuate besi, ala nyingine zinaijibu." Ukisema hivyo kabla ya kubonyeza, utaona uso wake ukibadilika kabla dakika ya pili haijaisha.

Akiisha kuishika kauli ya besi, mwonyeshe umbo la wimbo. Lina vipimo 32, kila kimoja chenye mapigo manne: vipimo vinane vya mwanzo, vinane vinavyorudia yaleyale, vinane vinavyopanda nusu sauti juu, na vinane vya mwisho vinavyoshuka tena pale pale pa mwanzo. Huo mpando hauhitaji elimu; mwili unausikia. Kila mpigaji anayepewa zamu ya kubuni muziki papo hapo hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo mkubaliane kwamba kila muziki unapopanda, mwenzako ainue kidole. Mara ya kwanza atachelewa, mara ya tatu atakuwa sahihi, na kuanzia hapo hatasema tena kwamba wanamuziki wa jazi wanapiga chochote kinachowajia, kwa sababu amekisikia kwa sikio lake kile kinachowaongoza.

Baada ya hapo zamu zenyewe zinasimulia hadithi. Davis anaingia huku upatu wa Jimmy Cobb ukivuma kwa muda mrefu, naye anachagua noti chache na kuacha nafasi kati yake. John Coltrane anamfuata kwa saksofoni ya tenor, yenye sauti nzito, na kuzijaza nafasi zile kwa maswali mengi, Cannonball Adderley anakuja na saksofoni ya alto, nyembamba zaidi kwa sauti, yenye uchangamfu wa bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi, kisha Evans anafunga kwa piano ya kunong'ona wakati ala za kupuliza zinarudisha yale majibu mawili nyuma yake. Usiyaseme haya yote kwa mara moja. Sikilizeni wimbo mzima mara ya kwanza kwa kuifuata besi tu. Mara ya pili ishieni mwisho wa zamu ya Davis na mzungumze juu ya ule ukimya wake. Zamu ya Coltrane iacheni kwa siku nyingine.

Jambo la kiufundi linaingia hapa, nalo si dogo. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito, na katika "So What" sauti nzito ndiyo inayobeba wimbo. Aliyesikia kwa spika hiyo amesikia majibu bila maswali. Tumieni spika yenye ukubwa wa kutosha au hedifoni, na kabla ya kuanza jaribu sekunde thelathini ili uhakikishe kwamba besi inasikika noti kwa noti. Sauti isiwe kubwa mno. Kiwango kizuri ni kile ambacho mtu akizungumza kwa upole bado anasikika, lakini asingependa kuzungumza.

Maneno ya kusindikiza rekodi

Ikiwa mwenzako yuko mbali na unamtumia rekodi, ujumbe unaoambatana nayo hufanya kazi ambayo ungeifanya ukiwa umekaa kando yake. Katika jazi jina la wimbo na la kiongozi wa bendi havitoshi, kwa sababu mtu huyohuyo huenda aliurekodi wimbo huohuo mara nyingi, na watu tofauti, kwa mwendo tofauti kabisa. Taja tarehe, mahali, waliopiga, na lile jambo moja la kusikiliza. Ujumbe kama huu unatosha:

"Hii ni 'Waltz for Debby' ya Bill Evans, iliyorekodiwa mbele ya watu katika klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Scott LaFaro anapiga besi, Paul Motian ngoma. Mwanzoni utasikia piano na besi peke yake. Subiri Motian aingie na brashi zake, kisha angalia jinsi besi isivyokubali kukaa nyuma ya piano. Vishindo vya glasi ni vya wateja waliokuwamo usiku na mchana ule. Tafuta dakika saba ambazo hutasumbuliwa."

Unaona kwamba ujumbe huo haukusema kuwa LaFaro alifariki kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 25, siku kumi na moja tu baada ya rekodi hiyo. Habari hiyo inauma, na kwa sababu hiyo nashauri uiseme baadaye. Msikilizaji aliyeambiwa kifo kwanza hutafuta kifo ndani ya kila noti, ilhali kijana yule alikuwa akipiga kwa raha tele, akishindana na kushirikiana na rafiki zake. Acha raha hiyo isikike kwanza.

Kwa rekodi nyingine utaratibu unageuka. "Strange Fruit" ya Billie Holiday, ya mwaka 1939, haipaswi kusikilizwa na mtu asiyejua maneno yake yanasema nini. Ni shairi la Abel Meeropol kuhusu watu weusi waliouawa na magenge na kutundikwa mitini katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na Columbia, kampuni aliyoirekodia Holiday wakati huo, haikukubali kuitoa, hata akaenda kuirekodi kwa kampuni ndogo ya Commodore. Kama mwenzako hafuati Kiingereza vizuri, mweleze maana ya mashairi taratibu kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza usiunganishe wimbo mwingine wowote. Vilevile usiifanye rekodi hiyo kuwa ndiyo picha nzima ya mwimbaji huyo. Mtu anayemjua Holiday kwa huzuni peke yake amenyimwa rekodi zake za miaka ya 1930 akiwa na mpiga saksofoni Lester Young, ambamo sauti na saksofoni zinataniana kama watu waliokua nyumba moja.

Taja toleo pia pale linapobadilisha kile kinachosikika. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ulitolewa kwa miaka mingi ukiwa na kasi zaidi kidogo kuliko ilivyopigwa, kwa sababu mtambo wa kunasia siku ile ya Machi ulikuwa ukizunguka taratibu kuliko ilivyopasa, na kanda yake ikichezwa kwa mwendo wa kawaida hukimbia. Kosa hilo lilirekebishwa katika matoleo ya kuanzia mwaka 1992. Mwenye santuri ya zamani na mwenye toleo jipya wanasikia sauti zilizotofautiana kidogo, na wapigaji wanaojaribu kufuatisha kwa ala zao wamehangaika nalo.

Kuhusu kunakili, nitasema kwa ufupi. Azima santuri yako au tuma kiungo cha mahali ambapo wenye haki wanalipwa. Ukiazima santuri, mwombe mwenzako aishike kwa kingo na kwenye kibandiko cha katikati, asiguse mifereji kwa vidole.

Wimbo mmoja katika mikono tofauti

Hakuna somo la jazi linalonipendeza kulifanya na mgeni kuliko hili. Tafuta wimbo uliorekodiwa na wengi, na umsikilizishe rekodi tatu au nne zake mfululizo. Ninaupendelea "Summertime," uliotungwa na George Gershwin kwa ajili ya opera ya Porgy and Bess ya mwaka 1935, kwa kuwa sauti yake ni nyepesi kukumbukwa na kwa kuwa asili yake ni wimbo wa kumbembelezea mtoto, hivyo kila msikilizaji anajua hisia inayotarajiwa na anaweza kupima jinsi kila mpigaji alivyoitii au alivyoikataa.

Anza na Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, rekodi ya mwaka 1957, maana humo maneno yapo na wimbo unasikika ulivyo: tarumbeta ya Armstrong inatangulia, Ella anabembeleza kwa sauti laini isiyo na mkunjo, kisha Armstrong anaingia na ile sauti yake yenye mikwaruzo, na ghafla mtoto anabembelezwa na watu wawili wasiofanana kwa lolote isipokuwa upendo. Fuatisha Sidney Bechet wa mwaka 1939 kwa saksofoni ya soprano. Bechet anaitikisa kila noti ndefu kwa mtetemo mpana, na kadiri anavyoendelea wimbo unaacha kuwa wa mtoto na kuwa kilio cha mtu mzima. Halafu Miles Davis wa mwaka 1958, akiwa na okestra iliyoongozwa na Gil Evans, ambaye ndiye aliyepanga muziki huo: tarumbeta imezibwa mdomo kwa kizibo, inasikika karibu sana na sikio, na okestra inarudia kauli fupi ileile nyuma yake, ikiyumba mbele na nyuma bila kuchoka. Malizia na John Coltrane, rekodi ya Oktoba 1960 iliyomo katika albamu ya My Favorite Things. Huyu habembelezi mtu. Mwendo ni wa kasi, saksofoni inaupasua wimbo vipandevipande na kuuunda upya, na McCoy Tyner anapiga piano kwa nguvu ya mtu anayetaka kufungua mlango.

Mwombe mwenzako aseme ni kwa rekodi ipi mtoto angelala. Swali ni la mzaha kidogo, lakini jibu lake humlazimisha kueleza alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe, na mtu aliyeweza kueleza tofauti kati ya Bechet na Davis amekwisha kuelewa kwa nini wapenzi wa jazi hukusanya rekodi kumi za wimbo mmoja bila kuona ajabu.

Kusikiliza kikundi

Mkiwa watu watatu au zaidi, panga vipande visivyozidi vinne na muda usiozidi saa moja. Sikio linachoka mapema kuliko tunavyopenda kukubali. Anayeongoza aseme maneno machache kabla ya kila kipande na anyamaze kikiwa kinaendelea, kwani tabia ya kupaza sauti katikati ya zamu ya mpigaji na kusema "hapa, sikilizeni hapa!" inaharibu palepale panaposifiwa. Kikiisha, ruhusu ukimya mfupi, kisha mpe nafasi ya kwanza ya kuzungumza yule anayejua jazi kidogo kuliko wote, maana mjuzi akitangulia wengine huona aibu kusema walichosikia.

Kwa kikao cha namna hiyo rekodi zilizofanywa mbele ya watu hufaa sana, kwa vile kelele na vicheko vya hadhira ile huwafanya wasikilizaji wajione ni sehemu yake. Tarehe 13 Februari 1960, mjini Berlin, Ella Fitzgerald aliimba "Mack the Knife," akayasahau maneno katikati ya wimbo, na badala ya kusimama akatunga mengine papo hapo yenye vina na mizani, akiwataja Louis Armstrong na Bobby Darin waliokwisha kuuimba kabla yake, na hata kuiiga sauti ya Armstrong. Kama kuna mtu katika kikundi ambaye haelewi maana ya kubuni jukwaani, dakika zile chache zitamwelewesha kuliko hotuba.

Rekodi nyingine ya aina hiyo ni ya okestra ya Duke Ellington katika tamasha la Newport, tarehe 7 Julai 1956, ambapo Paul Gonsalves alipiga saksofoni ya tenor kwa mizunguko 27 mfululizo katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue." Umati unasikika ukianza kwa minong'ono, kisha makofi, kisha makelele yanayopanda mzunguko baada ya mzunguko. Tafuteni toleo kamili lililotoka mwaka 1999. Albamu ya awali ilichanganywa na vipande vilivyorekodiwa studio baada ya tamasha, na saksofoni ya Gonsalves ilisikika kwa mbali kwa sababu siku ile alikuwa akipigia kwenye kipaza sauti cha redio ya Voice of America badala ya kile cha kampuni ya kurekodi. Toleo la baadaye liliunganisha kanda hizo mbili na kumrudisha mbele anapostahili. Kwa wanaotafuta tarehe ya kukutanika, UNESCO iliitenga tarehe 30 Aprili kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazi, na imeadhimishwa tangu mwaka 2012.

Mwenzako asipoipenda

Itatokea, na usimwambie kwamba ataelewa akikomaa. Kauli hiyo imewafukuza watu wengi kutoka katika jazi kuliko saksofoni yoyote yenye makelele. Muulize ni nini hasa kilichomchosha, na usikilize jibu kwa makini kama ulivyotaka yeye asikilize rekodi yako.

Akisema ni ndefu mno, rudi kwenye enzi ya dakika tatu na umpe "Body and Soul" ya Coleman Hawkins ya tarehe 11 Oktoba 1939, ambapo Hawkins anaugusa wimbo wenyewe mwanzoni tu, kisha anauacha na kujenga wake juu ya msingi uleule, akipanda taratibu hadi mwisho. Akisema amekosa sauti ya mtu, mpe albamu ambayo Coltrane aliirekodi pamoja na mwimbaji Johnny Hartman mwaka 1963. Saksofoni humo inampisha mwimbaji kwa adabu, na sauti nzito ya Hartman inatamka kila neno kama linalostahili kutunzwa. Akisema ni kelele tu, huenda kweli ulimpa kelele mapema mno. Na akisema haimgusi, basi pumzikeni. Pengine atakuja kuuliza mwenyewe baada ya mwaka mmoja, pengine asiulize, na urafiki wenu haukujengwa juu ya jazi.

Rekodi zinazodai zaidi

Mwenzako anapoanza kurudi kuomba nyingine, unaweza kumpeleka mbali zaidi, lakini usiache kumwonyesha pa kushika. "Lonely Woman" ya Ornette Coleman ya mwaka 1959 iliwagawa wanamuziki wenyewe ilipotoka. Haina piano. Besi ya Charlie Haden na ngoma za Billy Higgins zina mwendo wao, nazo saksofoni ya Coleman na tarumbeta ndogo ya Don Cherry zinalia taratibu juu yake kana kwamba haziusikii mwendo huo. Mwambie mwenzako mapema kwamba kasi mbili zitasikika kwa pamoja na kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Asipoambiwa atadhani bendi imepotea.

A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, isikatwe vipande. Ina sehemu nne zinazochukua takriban dakika 33, na ni sala ya shukrani tangu mwanzo hadi mwisho. Katika sehemu ya kwanza mwambie mwenzako azishike zile noti nne za besi ya Jimmy Garrison, maana zitarudi kwa saksofoni katika sauti nyingi tofauti, na mwishowe zitaimbwa kwa maneno. Kwa sehemu ya nne kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita bila kulijua: Coltrane aliandika shairi la maombi, likachapishwa kwenye jalada la albamu, na saksofoni yake inalisoma shairi hilo silabi kwa silabi. Litafute, ulichapishe au uliandike kwa mkono, umpe mwenzako alishike, kisha sehemu ya nne inapoanza afuatishe mstari kwa mstari kwa kidole. Kutakuwa na mahali atakapopotea na mahali atakapokutana tena na saksofoni. Kwa mtu mwenye imani, au hata asiye nayo, sijaona njia bora zaidi ya kuingia ndani ya rekodi hiyo.

Usimwachie pia aamini kwamba jazi iliishia Marekani. "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, inaanza na piano yenye mzunguko mmoja mfupi usiokoma, kisha saksofoni ya Basil Coetzee inaingia na wimbo ambao mtu anaweza kuuimba mara tu baada ya kuusikia. Watu wa Afrika Kusini waliuchukua na kuufanya wao wakati wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, ingawa hauna maneno. Ni rekodi ndefu, na mgeni haoni urefu wake.

Kumwachia njia aendelee mwenyewe

Siku moja mwenzako atakuuliza nani alikuwa akipiga ngoma, au besi. Hilo ndilo swali la kulisubiri, kwa sababu jazi husafiri kupitia watu. Mfundishe kusoma majina yote yaliyoandikwa nyuma ya jalada, kisha amchague mmoja asiye kiongozi na kumfuata kutoka albamu hadi albamu. Paul Chambers, yule mpiga besi wa "So What," anafaa sana kwa zoezi hili. Mwaka 1957 alikuwa pamoja na Coltrane katika Blue Train, mwaka 1959, muda mfupi baada ya Kind of Blue, alikuwa naye tena katika Giant Steps, albamu inayofungwa na wimbo wa kasi ambao Coltrane aliutunga kwa heshima yake na kuupa jina la herufi za majina yake, "Mr. P.C." Mwachie mwenzako aigundue albamu hiyo mwenyewe kwa kumfuata Chambers, na akija kukueleza alichokikuta, msikilize mpaka amalize hata kama ulikwisha kukijua, kisha umwombe aichague yeye rekodi mtakayoisikiliza mtakapokutana tena.